Kijiko cha Kwanza

Hebu mtazame anavyokuja. Ni saa nne kasorobo asubuhi, naye anashuka zile ngazi za mawe nyuma ya posta, anashuka upandeupande kama mtu aliyebeba kabati, kwa kuwa yeye na goti lake la kushoto wameacha kuaminiana siku nyingi. Shati limepigwa pasi mbele tu. Mgongoni, mahali ambapo zamani kulikuwa na mtu wa kumwambia "geuka nikuone," limekunjamana kama karatasi ya kufungia nyama. Na mfukoni mwa shati, pale ambapo watu wa ofisini huchomeka kalamu, kimechomoza kijiko.

Si kijiko cha chai. Ni kijiko kirefu, kizito, mpini wake umepinda kidogo shingoni. Wazazi wake walimpa jina zuri tu, liko kwenye kitambulisho, lakini kwa miaka sasa halijatumiwa na mtu. Mji mzima unamwita Kijiko. Wauzaji wakimwona anatokeza kwenye kona huambiana, "Kijiko hicho," na kila mmoja anatafuta kitambaa afute meza.

Kazi yake ni kuwatembeza wageni katika mji wa zamani na kuwalisha. Mwenye kutaka kujua lango kubwa lilijengwa na nani na mwaka gani, humwelekeza kwa mwenzake mwenye kofia ya majani, ambaye anajua miaka yote na huwarudisha watu hotelini na njaa yao. Yeye Kijiko ana vituo vitano: tanuri la mkate, karai la samaki, chungu cha supu, jiko la mahindi ya kuchoma, na mwisho kahawa. Anainua kijiko juu, wageni wanakifuata kwenye vichochoro visivyoweza kupitisha watu wawili wanene, na baada ya saa tatu wanatoka upande wa pili wameshiba na wamependana.

Sasa kuna desturi moja ambayo lazima uijue, maana bila hiyo hutanielewa huko mbele. Katika matembezi ya Kijiko, mgeni hali mpaka Kijiko aonje. Ilianza kama mzaha, miaka ishirini nyuma. Mgeni mmoja aliogopa chakula cha barabarani, akasimama mbele ya karai amekunja mikono kama anayesubiri kuchomwa sindano. Kijiko akachomoa kijiko, akachota, akala, akafumba macho, akasema, "Nikianguka, msile." Hakuanguka. Aliitikia kwa kichwa mara moja, polepole, na watu wakala hadi wakalamba vidole. Tangu siku hiyo, kila kituo, kijiko cha kwanza ni chake, na muuzaji hapakui mpaka kile kichwa kiinamie mbele.

Mzaha ukikaa sana huota mizizi. Wauzaji wenyewe wakaanza kuutegemea. Hata siku asiyokuwa na wageni utasikia anaitwa dirishani, njoo uonje hapa, huu unga mpya unanitia wasiwasi. Wauzaji wawili wakigombana nani kamwiga nani, analetwa Kijiko. Akisema chumvi imezidi, imezidi, hakuna rufaa. Muuza kahawa, ambaye mdomo wake haujui likizo, husema kwamba Mungu alipomaliza kuumba ndimi za watu alibaki na kipande kizuri, akampa Kijiko, na ndiyo maana hakubakiza kitu cha kutengenezea goti.

Basi nikuambie jambo ambalo mji mzima haukulijua, isipokuwa fundi viatu anayekaa chumba cha jirani: ule ulimi ulikuwa umekufa.

Alivyogundua ni hivi. Miezi minane kabla ya asubuhi hii, mkewe alifariki. Alilala na kifua siku nne, ya tano asubuhi akaomba maji, na yalipoletwa hakuyahitaji tena. Wiki ya mazishi Kijiko naye akashikwa na mafua mabaya, lakini nani ana muda wa kuangalia mafua katika nyumba yenye msiba. Watu wakaja, wakakaa, wakaondoka na viti vyao. Akabaki na chumba chenye kitanda cha watu wawili, ambacho mpaka leo analala upande wake, ukutani, kana kwamba huo mwingine umewekewa mtu nafasi. Akawa ananunua mkate, anaula na chai, anakwenda kazini. Siku moja fundi viatu akaingia kumjulia hali, akamega kipande, akakitema mkononi kabla hakijafika kooni.

"Kaka, huu mkate umenyweshwa mafuta ya taa."

Wakatazama. Kweli, kibuyu cha mafuta kilikuwa kinavuja taratibu juu ya mfuko uleule. Kijiko alikuwa akiula mkate ule tangu juzi. Fundi akamtazama, akautazama mkate, akaanza kucheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akaacha.

Zahanati walimchunguza, wakamnusisha chupa tatu, akasema maji, maji, na maji. Daktari akamwambia huenda ni yale mafua, hutokea, huweza kurudi, huweza kutorudi. Kisha akamuuliza na moyo unaendeleaje. Kijiko akajibu kwamba moyo hauna tatizo. Wala hakuwa anaficha. Aliusikiliza na hakusikia kitu humo. Ulikuwa mtulivu kama chumba walichohama wapangaji.

Utauliza, basi aliendeleaje na kazi? Aliendelea. Miaka ishirini ya kusimama karibu na moto si mchezo. Mafuta yakiwa hayajapata moto wa kutosha, samaki hunong'ona. Yakiwa tayari, huongea. Yakizidi, hupiga kelele. Mkate uliokomaa ukiugonga kitako hutoa sauti ya mlango wa mbao, mbichi hutoa sauti ya godoro. Na zaidi ya hayo alijifunza kusoma nyuso. Muuzaji aliyezidisha chumvi anajua. Anakutazama mkono, hakutazami machoni. Kijiko alikuwa akitia kijiko mdomoni, anasikia moto, anasikia laini au ngumu, anamwangalia mwenye chakula, anaitikia kwa kichwa. Miezi minane hakuna aliyemshtukia. Na wala hakuona raha ya kufanikiwa wala haya ya kudanganya. Aliona tu kwamba siku imeisha.

Ila kituo cha tatu kilikuwa na mambo yake.

Kituo cha tatu, chungu cha supu ya mifupa, kilikuwa cha mkewe. Hapo ndipo walipokutana, hapo ndipo alipomkabidhi kile kijiko, baada ya kumwona anachovya kidole. "Wewe ni mtu au mbuzi?" alimwambia, na ndoa nyingi zimeanza kwa maneno mabaya zaidi ya hayo. Alipofariki, chungu kilikaa kimefunikwa mwezi mzima. Kisha akaja mdogo wa marehemu.

Huyu shemeji alikuwa fundi cherehani mji mwingine, mbali, miaka kumi na minane. Alikuja na begi moja na cherehani yake imefungwa kwenye shuka. Akasema dada yake aliamka saa kumi alfajiri maisha yake yote kwa ajili ya chungu kile, hawezi kukiona kimegeuzwa kikalio cha kuku. Shida ilikuwa moja: hakuijua supu yenyewe. Alikuwa ameinywa mara chache, siku za kuja kusalimia, na mtu aliye safarini hanywi supu kwa makini. Dada yake hakuandika popote. Nani huandika jinsi anavyopumua?

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hata hajawasha moto, aliweka masharti mezani. Alimwambia Kijiko kwamba yeye si mpishi na wala hataki kuwa mpishi, cherehani yake inamtosha. Amekuja kwa supu ya dada yake tu.

"Shemeji, mdomo unaoijua ile supu umebaki mmoja, wako. Siku ukiniambia siyo, nitajaribu tena. Nikishindwa kabisa, nazima moto, narudi kwangu. Sitaki watu wanywe uongo kwa jina la dada."

Kijiko akakubali. Siku zile alikuwa hajakutana na mkate wa mafuta ya taa. Alidhani ni huzuni inayofanya kila kitu kiwe kama karatasi. Shemeji akapika, akampa, akasimama mbele yake ameshika pindo la kanga.

"Ikoje?"

"Ile ile," Kijiko akasema.

Kwa nini alisema hivyo, hata yeye hakujua. Labda alikuwa amechoka. Labda moto ulikuwa unawaka, chungu kilikuwa kinachemka, mwanamke mwenye mabega kama ya mkewe alikuwa amesimama pale, na kwa nje kila kitu kilikuwa ile ile. Kesho yake aliulizwa tena, akajibu vilevile. Hata alipokuja kujua kwamba ulimi umekufa, neno lilikuwa limeshapata njia, na njia ikishakanyagwa miguu haiulizi. Ile ile. Ile ile. Miezi saba, kila siku ya kazi.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile ya ngazi.

Kundi lilikuwa la watu sita. Mume na mke waliovaa viatu vya rangi moja, marafiki watatu waliokuwa wakipigana picha hata kabla hapajawa na cha kupiga, na mama mmoja wa makamo, mwalimu mstaafu, mwenye mwavuli na mfuko wa kitambaa. Mwalimu huyu alimsalimia Kijiko kwa heshima, kisha akamwambia kwamba amewahi kutembea naye, miaka sita iliyopita, na amerudi kwa sababu ya kitu kimoja. Kijiko akasema karibu tena, akainua kijiko, wakaondoka. Hakuuliza ni kitu gani. Zamani angeuliza.

Kwenye tanuri walikula mkate. Mwoka mikate aliusukuma mbele ya Kijiko, yeye akaugonga kitako, akasikia mlango, akatafuna, akaitikia. Kwenye karai, samaki walikuwa wanaongea vizuri. Wageni wakaungua vidole, wakacheka. Kijiko akasimulia kisa chake cha siku zote, cha paka wa kichochoro kile ambaye alinenepa mpaka akawa anaogopwa na mbwa, na wakati anakisimulia alikuwa akitazama mkono wake mwenyewe ukipanda na kushuka, akawaza kwamba mkono huu unajua kazi.

Wakafika kwenye chungu.

Ni kibaraza kidogo chini ya ngazi za ghorofa, meza mbili, mabenchi manne, ukuta uliopakwa moshi hadi kimo cha mtu. Shemeji aliwakaribisha. Alikuwa ameshapanga mabakuli. Lakini bakuli la Kijiko hakulichota mbele yao kama kawaida. Lilikuwa limeshawekwa pembeni, limefunikwa kwa sahani. Kama macho ya Kijiko yangekuwa na kazi siku hiyo, yangeona. Alilifunua, akachota, akatia mdomoni. Moto. Majimaji. Kitu laini kidogo, labda kitunguu. Akamtazama shemeji usoni asome. Uso ulikuwa umefungwa kama duka siku ya mapumziko.

"Ikoje, shemeji?"

"Ile ile."

"Na chumvi?"

Hilo hakuwahi kuulizwa. Akachota tena, kwa heshima ya swali.

"Imekaa mahali pake."

Akaitikia kwa kichwa. Shemeji akalichukua bakuli lile, akalifunika tena. Akageuka, akaanza kuwapakulia wageni kutoka kwenye chungu kikubwa, na mkono wake ulikuwa imara, hata tone halikumwagika.

Wageni walikunywa. Mume na mke waliomba pilipili. Mwalimu mstaafu alikunywa vijiko vitatu, akaweka chini, akafuta mdomo. Akamwita Kijiko pembeni kwa sauti ile ya walimu wanapotaka kukuambia umefeli lakini hawataki darasa lisikie. Alimweleza kwamba ni supu nzuri, hana ugomvi nayo. Ila aliyoinywa hapa miaka sita iliyopita ilikuwa nyeusi zaidi. Ilikuwa na rangi ya chai iliyosahaulika jikoni, na mwishoni ilikuwa inaacha moshi fulani kooni. Ameikumbuka miaka sita. Akauliza yule mama mwenyewe yuko wapi.

"Alisafiri," Kijiko akasema.

Halafu akainua kijiko, wakaenda kwenye mahindi.

Njia nzima lile neno, nyeusi, lilimfuata kama jiwe lililoingia kiatuni. Halikumuuma. Alilisikia tu kila hatua. Kwenye kahawa, muuza kahawa alimwambia leo umenyamaza, Kijiko, au goti limepanda mpaka mdomoni? Wageni wakacheka. Kijiko akaonja, akaitikia, wakaagana. Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akaenda zake na mwavuli wake.

Kila siku saa nane mchana, wageni wakishaondoka, Kijiko hurudi kwenye kibaraza kumsaidia shemeji kuosha chungu. Ni kizito, kinahitaji watu wawili: mmoja anainamisha, mmoja anasugua. Siku hiyo alikuta hakijainuliwa. Shemeji alikuwa ameketi kwenye benchi, na mbele yake lile bakuli la asubuhi, supu imeganda mafuta juu.

Akamwambia akae. Kijiko akakaa.

Alimweleza bila haraka, kama mtu anayekuonyesha mahali nguo ilipokatwa vibaya. Alikuwa ameanza kushuku mwezi wake wa tatu hapo. Siku moja vitunguu vilimwishia, akapika bila. Akaambiwa ile ile. Alidhani labda dada naye hakuweka vingi. Akapunguza nyama, ile ile. Akaongeza ndimu, ile ile. Kila alipobadilisha alikuwa anangoja mtu amwambie hapana, ili ajue mpaka uko wapi, na mpaka haukuonekana. Wateja wa zamani wakaanza kupungua mmoja mmoja, kwa adabu, wakisingizia tumbo. Yeye akawa anasema watu wa nini, shemeji yangu ndiye anayeijua. Mpaka leo alfajiri akapika bakuli moja peke yake, maji, mifupa na kitunguu kimoja.

"Humu hamna chumvi hata punje," akasema. "Hata mtoto wa jana angetema. Shemeji, ulikuwa unaonja nini siku zote hizi?"

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, wakimaanisha husema lolote. Huu wa Kijiko, safari hii, ulikuwa umeishiwa uongo. Alikitazama kijiko kilichokuwa mfukoni mwake, akakichomoa, akakiweka mezani, karibu na bakuli, kama askari anayerudisha bunduki. Kisha akamwambia. Mafua, mkate, mafuta ya taa, chupa tatu za zahanati. Maneno yalitoka yamepangana vizuri, sauti haikupanda wala kushuka. Akasema kwamba hasikii ladha wala harufu, tangu wiki ya mazishi. Akasema hakukusudia.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Ungetegemea alie au atukane, mimi ningetegemea. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo hata siku ya kwanza?"

"Hata siku ya kwanza."

Akatazama chungu. Juu yao mtu alikuwa anashuka ngazi za ghorofa na ndoo, maji yakimwagika ngazi hadi ngazi, chwa, chwa, mpaka akafika chini, akawasalimia, wakaitikia wote wawili vizuri kabisa.

"Basi nimepika miezi saba na sijui nimepika nini," shemeji akasema. "Na hakuna wa kuniambia tena. Nitafunga cherehani kwenye shuka."

Hapo ndipo Kijiko alipotaja lile neno. Hakulitaja ili kumzuia, maana ndani yake hapakuwa na kitu cha kunyoosha mkono kikamshika mtu. Alilitaja kama mtu anavyokabidhi kitu alichookota njiani. Akasema kuna mgeni leo amesema ilikuwa nyeusi. Shemeji akamuuliza nyeusi vipi. Kijiko akafungua mdomo aseme hajui, na badala yake akaona.

Aliona, si kuonja. Aliona mkono wa mkewe, ule wenye kovu la mafuta kwenye kifundo, unachukua vitunguu vitatu na maganda yake, haumenyi, unavitupa kwenye makaa yenyewe, chini ya chungu, kama anayetupa takataka. Unaviacha mpaka viungue viwe kama mawe ya mkaa. Unavitoa kwa koleo, unavipiga pap, pap dhidi ya jiwe la figa ili majivu yaanguke, ndipo unavizamisha chunguni. Alikuwa ameliona jambo hilo maelfu ya asubuhi. Hakuwahi kudhani ni siri; alidhani ni uvivu wa kumenya. Na mwanamke yule, alipoulizwa, alikuwa akisema, "Kila mtu na dawa zake."

Alimweleza shemeji yote hayo, mpaka ile pap, pap. Akamweleza pia kwamba mfuniko ulikuwa unakaa nusu, umeegemezwa kwenye kijiko kama hiki. Na chumvi aliitia mwisho, kwa kiganja, akiwa ameangalia pembeni. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vinacheza mezani kana kwamba vinapitisha kitambaa chini ya sindano.

"Kiganja kikubwa au kidogo?"

"Chake."

Shemeji akanyoosha kiganja chake mwenyewe, akakitazama. Wote wawili wakakitazama.

"Haya," akasema hatimaye. "Kesho nitapika hivyo. Ukija na wageni wako, utaonja kama kawaida. Lakini ile ile yako sasa naijua, imechoka, iache ipumzike. Kama ni yenyewe, itikia kwa kichwa. Kama siyo, au kama hujui, usiitikie. Usipoitikia, nazima moto hapohapo. Cherehani haijasahau kazi, na mimi sitakulaumu."

Kijiko akamkumbusha kwamba yeye hasikii kitu.

"Nimekusikia," shemeji akasema. "Inamisha chungu."

Wakaosha chungu.

Usiku ule Kijiko alilala upande wake wa ukutani na akapata usingizi kama siku zote. Asubuhi alipiga pasi shati mbele. Akashuka ngazi za posta upandeupande, akakuta watu watano wapya wanaomngoja, akawapa salamu, akawasimulia paka. Mkate ukasikika mlango. Samaki wakaongea.

Kabla hawajafika kwenye kibaraza, mmoja wa wageni alisimama kichochoroni, akainua pua, akauliza kwa furaha kitu gani hicho kinaungua kizuri hivyo. Kijiko akavuta hewa puani, nyingi, mpaka kifua kikajaa. Ilikuwa hewa.

Shemeji alikuwa nyuma ya chungu, uso una vumbi la majivu shavuni. Mfuniko umekaa nusu. Wateja wawili wa zamani, waliokuwa wamesingizia tumbo, walikuwa wamesimama upande wa pili wa njia, mmoja na kikapu, mwingine hana hata sababu, na muuza kahawa alikuwa ameacha birika lake akaja kuegemea ukuta, mdomo umefungwa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwenye harufu puani mwake alikuwa kila mtu isipokuwa mmoja. Lakini hakuna kati yao aliyeulizwa. Mabakuli yalikuwa yamepangwa, matupu, na wageni wamekaa mikono mapajani, wakisubiri desturi.

Shemeji akachota, mbele ya watu wote, akamsogezea. Kijiko akaitazama supu. Ilikuwa na rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Akachukua kijiko, kile alichopewa siku alipoitwa mbuzi, akachota, akatia mdomoni, akafumba macho.

Moto. Majimaji. Akangoja. Akaipeleka kushoto, akaipeleka kulia, akaimeza, akangoja tena kule kooni, mahali mwalimu alipotaja moshi. Labda palikuwa na kitu. Labda ni koo tu la mtu mzima aliyekwisha kusimulia kisa cha paka mara elfu moja. Alipofumbua macho, shemeji alikuwa amekwisha kushika upawa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, pembeni ya moto, ndoo ya maji.

Hakumuuliza ikoje. Alikuwa anakitazama kichwa chake tu.

Nami nakuachia wewe, msomaji wangu, ambaye ulimi wako bado ni mzima: rangi ni yenyewe, mkono ni wa mdogo mtu, vitunguu vimepigwa pap, pap, na mwenye kujua hajui. Ungekuwa ni wewe uliye na kile kijiko mdomoni, ungeitikia?